Kibali cha televisheni ya kebo: baraza la jiji linaangalia nini, na malalamiko yako yaandikwe vipi

Tangu tangazo la kikao cha wazi litoke, ofisi yetu inapokea simu na barua pepe kila siku kuhusu kibali cha kampuni ya televisheni ya kebo kinachokaribia kwisha. Nyingi zimeandikwa kwa Kiswahili, na familia za Kikongo, Kikenya na Kirundi zilizohamia hapa Minnesota. Karibu zote zinauliza jambo moja: kampuni imewachosha watu, kwa nini madiwani wasiinyime kibali yakaisha?

Kusimamia mikataba hii ndiyo kazi yangu. Nawaomba mlisome jibu hadi mwisho, kwa sababu sheria ya jimbo inaruhusu kibali kudumu hadi miaka 15. Tukiikosa nafasi hii, mtoto aliyezaliwa mwaka huu anaweza kuingia sekondari kabla haijarudi.

Kwanza, kibali ni ruhusa ya kupitisha nyaya chini ya barabara na juu ya nguzo katika ardhi ya umma. Kwa ruhusa hiyo kampuni hulipa jiji ada, na Sheria ya Mawasiliano ya Kebo ya 1984 imeweka ukomo wake kuwa asilimia 5 ya mapato ghafi ya huduma ya televisheni. Intaneti haimo katika hesabu hiyo. Hili tumelieleza mara nyingi na bado watu wanakuja kikaoni kulalamikia kasi ya intaneti. Madiwani wanawaelewa, lakini hawawezi kuliweka jambo hilo kwenye kibali cha televisheni.

Bei nayo ni vilevile. Tangu 2015 Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano, yaani FCC, huchukulia kuwa kila eneo lina ushindani wa kutosha hadi ithibitishwe vinginevyo, na penye ushindani jiji halipangi bei. Wala jiji halichagui chaneli za mpira. Na wale wanaosema baraza limeipa kampuni moja ukiritimba wajue kuwa sheria imekataza vibali vya kipekee tangu 1992. Kampuni ya pili haiji kwa sababu kuchimba mtaa mzima upya ni gharama kubwa, na hakuna diwani anayeizuia.

Sasa utaratibu wenyewe. Kati ya mwezi wa 36 na wa 30 kabla ya kibali kwisha, jiji linaweza kuanza mapitio kwa hiari yake, na kampuni ikiomba kwa maandishi ndani ya kipindi hicho, ni lazima. Mapitio hayo hutangazwa, wananchi hushirikishwa, na mambo mawili huchunguzwa: mahitaji ya jamii siku zijazo na utendaji wa kampuni hadi leo. Kisha kampuni huleta pendekezo, na jiji lina miezi 4 ya kukubali au kutoa tathmini ya awali kwamba kibali kisihuishwe. Likitoa tathmini hiyo, kampuni inaweza kudai shauri rasmi lenye mashahidi, vielelezo na kumbukumbu za maandishi. Ikishindwa, ina siku 120 za kwenda mahakamani. Pande mbili zinaweza pia kukaa mezani na kukubaliana wakati wowote, na mara nyingi ndivyo mambo yanavyokwisha.

Katika shauri rasmi maswali ni manne tu. Je, kampuni imetimiza masharti ya msingi ya kibali? Huduma yake, yaani ubora wa mawimbi, bili na namna inavyoshughulikia malalamiko, imekuwa ya kuridhisha? Ina uwezo wa kifedha, kisheria na kiufundi? Na pendekezo lake linakidhi mahitaji ya jamii kwa gharama inayostahili? Tena kwa maswali mawili ya kwanza, jiji haliwezi kuinyima kampuni kibali kwa kosa ambalo halikuijulisha na kuipa nafasi ya kulirekebisha. Ndiyo maana hasira ya jioni moja kikaoni haitoshi. Malalamiko yasiyoandikwa siku yalipotokea hayaisaidii ofisi hii hata kidogo.

Kuna kanuni za FCC zinazopimika. Kipindi unachopangiwa kumsubiri fundi kisizidi urefu wa saa nne, na kampuni isiifute miadi baada ya kufunga ofisi siku iliyotangulia. Simu ijibiwe ndani ya sekunde 30, kwa asilimia 90 ya simu zote katika hali ya kawaida. Huduma ikikatika, kazi ianze ndani ya saa 24. Vibali vingi hutaja faini ya kila siku kwa uvunjaji wa masharti, na hukatwa kwenye dhamana ya kampuni baada ya notisi na muda wa kujirekebisha kupita.

Mama mmoja alikuja ofisini kwetu na kalenda ya kanisa iliyokunjwa ndani ya bahasha ya bili. Kwenye visanduku vya tarehe alikuwa ameandika kwa kalamu ya bluu: "fundi hakuja", mara tatu, na saa pembeni. Tatizo likawa hizo saa. Aliandika "saa 2", akimaanisha asubuhi, na kampuni ikajibu kwamba haikuwa na miadi ya saa hiyo, kwa kuwa kwao 2 ni alasiri. Tulikaa naye tukazigeuza zote, 2 ikawa 8, 6 ikawa 12, na barua ya pili kampuni haikuweza kuikana. Kwa hiyo andika saa kama ilivyo kwenye ujumbe wa miadi, pamoja na tarehe na namba ya malalamiko uliyopewa.

Yapo pia mahitaji ya baadaye, na hapa jamii yetu imekaa kimya mno. Sheria inaruhusu jiji kudai chaneli za umma, za elimu na za serikali, na kampuni hairuhusiwi kuhariri maudhui yake. Kipindi cha afya au cha shule kwa Kiswahili kinaweza kurushwa hapo. Ila mjue kuwa tangu 2019 FCC huhesabu huduma za bure, mfano kuunganishia shule kebo, ndani ya ile ada ya asilimia 5. Mahakama ya rufaa ilisema 2021 kuwa zihesabiwe kwa gharama halisi ya kampuni. Kila tunachokiomba kina bei yake, na madiwani hawawezi kukipa uzito kitu ambacho hakuna aliyekiomba.

Siku ya kikao utapewa dakika chache kwenye kipaza sauti. Ukihitaji mkalimani, piga simu ofisini mapema. Nakala za bili na barua zako mpe karani wa jiji mkononi ili zigongwe muhuri na kuingia kwenye kumbukumbu, hata kama hukupata nafasi ya kusema.