Kapasita Kuukuu Si Lazima Iwe Mbovu

Niliwahi kuletewa ampilifaya ya transista ikiwa na mfuko wa nailoni uliojaa kapasita (vifaa vidogo vya kuhifadhi chaji ya umeme) zilizong'olewa, thelathini na ushee. Mwenyewe alikesha akizibadilisha zote, maana aliambiwa chombo cha zamani huanzwa hivyo. Kabla ya ukarabati huo, upande wa kushoto ulikuwa ukikatika sauti mara mojamoja. Baada yake, pande zote mbili zikanyamaza. Nilikuta kapasita moja imegeuzwa, hasi imeenda kwenye chanya, na vijia viwili vya shaba vimebanduka kwenye bodi kwa joto la pasi ya kulehemu. Tatizo la awali lilikuwa bado lipo palepale: lehemu iliyopasuka kwenye mguu wa soketi ya spika. Nilipopima zile za mfukoni, zaidi ya nusu zilikuwa nzima kabisa.

Kwa hiyo, kati ya kauli zilizozoeleka kuhusu kutengeneza vyombo vya sauti vya zamani, tuanze na hiyo.

"Chombo kikizeeka, badilisha kapasita zote."

Swali si umri, ni aina na kazi. Kapasita ya elektroliti ina karatasi iliyoloweshwa kimiminika, imebanwa kati ya mikanda ya aluminiamu. Kimiminika hicho hukauka, na joto hukiharakisha: kila nyuzi 10 za Selsiasi zinapoongezeka, maisha ya kapasita hupungua kwa takriban nusu. Ndiyo maana iliyobanana na kipoza joto cha transista kubwa hufa mapema, ilhali pacha wake, aliyekaa kona yenye hewa, bado anadunda.

Za filamu ya plastiki, za seramiki na za maika hazina cha kukauka. Miaka 50 kwao si kitu. Ukizing'oa unahatarisha bodi bure.

Lakini za karatasi na nta, zile za redio za valvu (mirija ya kioo iliyotangulia transista), sizitetei hata kidogo. Karatasi hunyonya unyevu, na kapasita huanza kuvujisha umeme wa DC, yaani wa mwelekeo mmoja, ambao kazi yake ni kuuzuia. Hatari zaidi ni ile inayounganisha anodi (mguu wa kutolea) ya valvu moja na gridi (mguu wa kudhibiti mkondo) ya valvu ya mwisho. Uvujaji mdogo tu hupandisha volti ya gridi, valvu inavuta mkondo kupita kiasi, na mwisho wake huunguza transfoma ya spika, kitu ambacho kukipata kingine ni shughuli. Hiyo badilisha bila mjadala. Halikadhalika zile za karatasi zilizofunikwa kwa plastiki ngumu ya manjano na kuwekwa kwenye waya wa umeme wa ukutani: ganda hupasuka nyufa, unyevu huingia, na siku moja chumba kinajaa moshi.

"Haijavimba, basi ni nzima. Na mita imesema hivyohivyo."

Elektroliti nyingi hufa bila kuvimba. Ukinzani wake wa ndani hupanda kimyakimya huku umbo likibaki lilelile. Upande wa pili, ule utando wa kahawia chini ya kapasita mara nyingi si kimiminika kilichovuja, ni gundi ya kiwandani tu. Usiipuuze hata hivyo: baadhi ya gundi hizo zikishakuwa kahawia hupitisha umeme na kula miguu ya vifaa vya jirani. Ikwangue.

Mita nayo hupima kapasita kwa volti chache. Ya karatasi inaweza kusoma vizuri hapo, halafu ikavuja ikipewa volti 250. Kipimo cha kweli hufanywa ikiwa kazini: ukiwa umezima, chomoa mguu wa upande wa gridi, funga mita ya volti kati ya mguu huo na chesisi (fremu ya chuma ya chombo), kisha washa kwa muda mfupi. Mshale utaruka, halafu urudi karibu na sifuri. Ukibaki juu kwa volti kadhaa, kapasita imekwisha. Mikono kaa mbali. Na usidhani ukichomoa plagi mambo yamekwisha. Kapasita za ugavi wa umeme za ampilifaya ya valvu hushika volti 300 au 400 hata baada ya kuzimwa, na hutolewa chaji kwa kupitia rezista, si kwa ncha ya bisibisi.

"Kubwa zaidi ni bora zaidi."

Kwenye volti, sawa: palipoandikwa 25, ya 35 itafanya kazi. Kwenye maikrofaradi, yaani kipimo cha ujazo wa chaji, pole pole. Elektroliti za zamani zilikuwa na uvumilivu mpana sana, kwa hiyo kuweka 47 mahali pa 50 hakuna atakayesikia tofauti. Kinachoumiza ni kuiongeza mara tatu ile ya kwanza baada ya valvu ya kunyoosha umeme (inayogeuza AC kuwa DC). Valvu ya aina hiyo iitwayo GZ34, kwa mfano, ina kikomo cha maikrofaradi 60; ukivuka, kila unapowasha unaipiga valvu kwa mkondo wa ghafla. Fyuzi, naomba tusijadili. Weka ileile.

"Transista ni transista."

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Ya jerimaniamu hufunguka kwa volti 0.2 hadi 0.3, ya silikoni 0.6 hadi 0.7, ukizibadilishana bila kurekebisha rezista za jirani, sauti itakwaruza au isitoke kabisa. Mpangilio wa miguu nao hutofautiana. Ukiitazama kwa upande bapa, miguu ikiwa chini, ile ya aina ya BC547 huenda kolekta, besi, emita (majina ya miguu mitatu) kutoka kushoto. 2SC1815 huenda emita, kolekta, besi. Zinafanana kama punje za mchele, na ukizichomeka kwa mazoea umeharibu. Zile kubwa za kutoa sauti zilizoacha kutengenezwa zimejaa bandia: kipande dhaifu kimefutwa jina na kuchapwa jina la heshima. Mimi transista ya asili ikipima vizuri siigusi, na nikivunja chombo kilichokufa huzitoa na kuzihifadhi, pamoja na transfoma na vipoza joto. Elektroliti zake ndizo naenda kuzitupa.

Hata zile "mpya" zilizolala kwenye boksi miaka 40 bila kutumika si mpya. Utando wa oksidi unaozuia umeme ndani yake hudhoofika ukikosa volti.

"Sauti inakwaruza nikizungusha kitufe, nipulizie WD-40."

Itanyamaza wiki moja, kisha irudi, na grisi ya mhimili itakuwa imeshayeyuka. Tumia kisafisha viunganishi. Kama bado inakwaruza, pima DC kwenye kitufe: huenda kapasita iliyotangulia inavuja, na kitufe hakina kosa.

"Nijaribu tu kuchomeka nione."

Chombo kilichokaa kabatini miaka mingi usikipe umeme mzima siku ya kwanza. Chukua balbu ya waya wa ndani, si ya LED, ya wati 60 kwa redio ndogo, uiunge mfululizo na waya wa moto (ule wenye umeme) wa chombo. Ikiwaka kwa nguvu kisha ikafifia, kapasita zimejaa na chombo kinavuta mkondo wa kawaida. Ikibaki inang'aa vilevile, kuna shoti ndani. Chomoa.