Ramani ya kusogeza picha: dhana potofu na ukweli wake

Ukitia jina kwenye picha ya tanga la mashua inayopita mbele ya kijiji cha Shela, Lamu, tanga limejaa upepo na jina limelala bapa, mtazamaji atajua papo hapo kuwa limebandikwa. Dawa yake ni ramani ya kusogeza: picha ya kijivu ambayo programu huisoma ili ijue kila pikseli (kidoto kimoja cha picha) ya jina lile isogee upande gani na kwa kiasi gani. Photoshop inayo kazi hii: ni kichujio cha Displace, kwenye menyu ya Filter, sehemu ya Distort. GIMP, ambayo ni ya bure, inayo pia. Si kazi ngumu, ila tunafundishana mambo kadhaa yasiyo sahihi, na hayo ndiyo yanayoiharibu.

Dhana: Geuza picha ya kitambaa iwe ya kijivu, ramani imekamilika.

Kosa hili ndilo linaloharibu kazi nyingi zaidi. Programu haijui mkunjo ni nini. Inasoma weusi na weupe tu. Kwenye tanga jeupe lisilo na michoro, weusi unatokana na kivuli cha mkunjo, kwa hiyo ramani inafuata umbo la kweli. Sasa chukua leso. Ina pindo, ina mji, ina jina, na kila doa jeusi la michoro hiyo litahesabiwa kuwa kivuli. Nembo utakayoiweka juu yake itavunjikavunjika kufuata korosho za pindo, hata kama leso imenyooshwa ikanyooka kabisa. Kikoi nacho kitaikata kwa mistari yake.

Ramani, basi, husafishwa. Anza kwa kutazama chaneli moja moja, yaani nyekundu, kijani na bluu zinazounda picha, kabla ya kuondoa rangi. Leso nyeupe yenye maua mekundu, ukiitazama kwenye chaneli nyekundu, maua karibu yatatoweka, kwa sababu nyekundu na nyeupe zote zinang'aa humo, mikunjo itabaki. Michoro itakayosalia ifute kwa brashi ukifuata rangi ya jirani yake. Leso nyeusi na nyeupe haikubali ujanja huu. Afadhali utandike kitambaa cheupe kwa mkunjo ule ule, ukipige picha jua likiwa upande, asubuhi au alasiri. Mwanga unaotoka mbele moja kwa moja hufuta vivuli, nawe vivuli ndivyo unavyovitaka.

Dhana: Weusi ni bonde, weupe ni kilima.

Hivyo ndivyo ilivyo kwenye programu za maumbo ya pande tatu. Hapa hakuna kina. Pikseli zinateleza tu juu ya picha bapa. Kijivu cha katikati, 128 kwenye kipimo cha 0 (nyeusi) hadi 255 (nyeupe), hakisogezi kitu. Kwenye Photoshop, ukiweka namba chanya, sehemu nyeupe huivuta picha juu na kushoto, nyeusi huivuta chini na kulia. Ndiyo maana ramani iliyong'aa kupita kiasi huhamisha jina zima. Ukiona limetoka mahali pake, usilirudishe kwa mkono. Punguza mwanga wa ramani mpaka wastani wake ukaribie 128.

Kwenye Photoshop hiyo hiyo, ramani yenye chaneli moja husogeza mshazari. Yenye rangi hugawa kazi: nyekundu husogeza kwa mlalo, kijani kwa wima, na bluu haifanyi lolote.

Dhana: Ramani ikiwa kali zaidi, matokeo ni mazuri zaidi.

Kinyume chake. Nyuzi za kitambaa na chengachenga za kamera huzifanya kingo za herufi ziwe na meno. Tia ukungu wa Gaussian Blur mpaka nyuzi zipotee na mikunjo ibaki.

Dhana: Weka kipimo cha kusogeza 10 kwa mlalo na 10 kwa wima, kila mtu anaweka hivyo.

Kwenye Photoshop, kipimo cha 100 husogeza pikseli 128 kwa upeo, kwa hiyo 10 ni kama pikseli 13. Kwenye picha ya simu yenye upana wa pikseli 1,080 utaziona wazi. Kwenye picha ya bango yenye pikseli 6,000 hutaona tofauti. Namba hutegemea ukubwa wa picha yako.

Dhana: Kichujio kimeharibika, hakioni faili yangu.

Photoshop hutaka ramani ihifadhiwe kama PSD, faili ya Photoshop yenyewe, leya (tabaka za picha) zikiwa zimeunganishwa kuwa moja. Ukiihifadhi kama JPEG hutaipata.

Dhana: Jina likishapinda, kazi imekwisha.

Kusogeza hakuleti kivuli. Jina la bluu kwenye tanga jeupe, lipe modi ya Multiply, inayochanganya rangi za leya na zilizo chini yake kwa kuzitia giza, na mikunjo itaonekana kupitia rangi yake. Jina jeupe ukilipa modi hiyo hiyo litatoweka kabisa. Liache kama lilivyo, kisha weka juu yake nakala ya kijivu ya kitambaa katika Multiply, iliyobanwa isitoke nje ya herufi. Na ukiweka maandishi kwenye ukuta wa kichochoro cha mtaa wa Mkomani, Lamu, unaokimbilia mbali, yainamishe kwanza yafuate mtazamo wa ukuta, ndipo uyapitishe kwenye ramani. Mashimo ya chokaa ramani inayaweza. Mwelekeo wa ukuta haiuwezi.