Henry Shefflin hakuuzwa, na hapakuwa na pa kumuuza

Nimeulizwa tena: "Kama Shefflin alikuwa hatari kiasi hicho, mbona hakusajiliwa na timu kubwa?" Wanaouliza wanaijua soka vizuri, ndiyo maana wanatafuta ada ya uhamisho. Kwenye hurling, mchezo wa Ayalandi wa kupiga mpira mdogo kwa fimbo, haipo. Mimi natibu viungo vya wachezaji wa mchezo huu hapa Ayalandi, na nasema wazi: huyu hakukwama popote. Alifika kileleni.

Tuanze na klabu. Klabu ni ya parokia yako: kwa Shefflin ni Ballyhale Shamrocks. Ukiwika klabuni unaitwa timu ya kaunti yako, kwake Kilkenny, na juu ya kaunti hakuna ngazi nyingine. Kuhama kupo, hasa mtu akihamisha makazi, lakini ni nadra, na aliyehama husemwa miaka. Kilkenny haikumnunua Shefflin na isingeweza kumuuza. Kwa hiyo msimpime kwa soko. Mpimeni kwa haya: aliingia kikosi cha wakubwa 1999, akastaafu timu ya kaunti 2015 akiwa na mataji 10 ya Ayalandi nzima, na katika mechi za ubingwa alifunga mabao 27 na pointi 484. Bao ni mpira ulioingia wavuni, pointi ni uliopita juu ya mwamba wa goli; bao moja ni pointi 3, hesabu mnaiweza.

Linaloniudhi zaidi ni hili: "Kumbe ni ridhaa tu." Hiyo "tu" inatoka wapi? Uwanja wa Croke Park, Dublin, ambako fainali huchezwa, unaingiza watu zaidi ya 82,000, na fainali huujaza. Mazoezi ni ya wiki nzima: gym, uwanjani, video za wapinzani, chakula kilichopangwa. Asubuhi mchezaji huyo huyo anafundisha darasani au anapanda kwenye jukwaa la ujenzi. Christy Ring wa Cork, mwenye mataji 8, aliendesha lori la mafuta. Wachezaji wa kaunti wa leo hurudishiwa nauli na kupata ruzuku ya serikali, mshahara hakuna.

Mwili haujui kama unalipwa. Shefflin alichanika ligamenti ya goti katika fainali ya 2007. Mwaka 2010 goti likamwangusha tena kwenye nusu fainali dhidi ya Cork, na wiki 4 baadaye akaanza fainali dhidi ya Tipperary. Hata robo saa haikufika, akatoka. Kilkenny ilikuwa inawinda taji la 5 mfululizo, ikalikosa. Wengi huniuliza kama kumwanzisha lilikuwa kosa. Vipimo vyetu hupima nguvu, uthabiti, kuruka na kutua. Hakuna hata kimoja kinachopima beki anayekugonga begani huku ukigeuka kwa kasi. Vitabu vinaandika kana kwamba tunajua siku goti limepona. Ukweli ni kwamba tunakadiria. Alifanyiwa upasuaji, akarudi kubeba taji la 2011, na 2012 akachaguliwa mchezaji bora wa mwaka kwa mara ya 3.

Sasa shaka yangu. Fundi seremala akichanika goti akiichezea kaunti, kazi yake inasimama. GAA, chama kinachosimamia mchezo huu, kina mfuko wa majeruhi, lakini haubebi kila kitu. Viingilio vinakusanywa, televisheni inalipa, na sehemu kubwa ya fedha hizo hurudi kujenga viwanja vya vijijini na kufundisha watoto. Naupenda mpango huo, kwa sababu bila huo parokia ndogo zingekufa kimchezo. Hata hivyo, kila nikimfunga bendeji kijana ambaye kesho anatakiwa kazini, sina uhakika kwamba mzigo umegawanywa kwa haki.

Na msidhani kustaafu timu ya kaunti ndiyo mwisho. Machi 2015, siku chache kabla ya kutangaza kustaafu, Shefflin alitwaa ubingwa wa klabu wa Ayalandi nzima akiwa na Ballyhale. Baadaye akawa kocha wa klabu hiyo hiyo, akaipa ubingwa huo 2019 na 2020.