Sufuria iliinjikwa siku ngapi?

Jikoni mwa shule moja ya msingi upande wa Hola, Kaunti ya Tana River, palikuwa na ukuta ambao mpishi alikuwa akiuchora kwa makaa. Kila siku sufuria ilipoinjikwa alipiga mstari mmoja. Mistari minne ikitimia, wa tano anaukatisha juu yake. Mimi nilikuwa nimekuja na karatasi zangu kukagua stoo. Karatasi zilisema shule imepokea chakula chake chote cha muhula. Ukuta ulisema siku 31. Muhula ulikuwa wa wiki 13, yaani siku 65.

Karatasi hazikudanganya. Lori lilifika kweli, na magunia yaliingia stooni yote. Ila lilifika wiki ya saba, kwa sababu mvua ilikuwa imekata barabara na gari likalala matopeni huko njiani. Kuanzia wiki ya saba hadi shule kufungwa zilibaki siku 35. Nikamuuliza yule mama mpishi, na zile siku nne kati ya 35 na 31 za ukutani zimekwenda wapi?

"Tatu kuni," akasema. "Moja maji, mwanangu. Jerikeni zilirudi kavu."

Mimi ni mtu wa lishe, na kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kufuatilia chakula cha shule katika maeneo kame. Ripoti zetu hupenda tani: tani zilizoshushwa Mombasa, tani zilizosambazwa, watoto waliosajiliwa. Tangu siku ile, swali langu la kwanza nikifika shuleni ni siku. Mtoto aliyekosa chakula siku 34 hafidiwi na magunia yanayolala stooni likizo nzima yakisubiri panya.

Kiwango tulichozoea Kenya kwa mtoto mmoja kwa siku ni gramu 150 za nafaka, gramu 40 za jamii ya kunde kama maharagwe na gramu 5 za mafuta, pamoja na chumvi kidogo. Shule ya watoto 300 inahitaji basi kilo 45 za mahindi kila siku, kilo 12 za maharagwe na kilo moja na nusu ya mafuta. Gunia la kilo 90 linakwisha siku mbili. Mizani jikoni hakuna. Mpishi anapima kwa gorogoro, kopo la kupimia nafaka, na gorogoro ya mahindi ni kama kilo mbili, kwa hiyo anahesabu ishirini na mbili na nusu. Wageni wakija kula nao, mwalimu mkuu huwaambia wapishi "ongezeni maji". Hiyo haimo kwenye kiwango chochote.

Chakula hiki kilianza kama msaada. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilianza kulisha shule za Kenya mwaka 1980, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya shehena ilitoka Marekani. Nchi hiyo ilikuwa na sheria ya msaada wa chakula tangu 1954, na mwaka 2002 ikatunga mpango maalumu wa chakula cha shule uliopewa majina ya maseneta wawili, George McGovern na Bob Dole. Walikotoka, Dakota Kusini na Kansas, ni majimbo ya wakulima. Silitaji hilo kwa kejeli. Lengo la kulisha mtoto lilikuwa la kweli, na la kumtafutia mkulima wa Kansas pa kupeleka ngano yake lilikuwa la kweli pia. Yalikaa katika gunia moja. Sheria yao pia ilidai angalau nusu ya shehena ya msaada ipakiwe kwenye meli zenye bendera ya Marekani, ambazo ni ghali. Mwaka 2007 wakaguzi wa Bunge la nchi hiyo walikuta kwamba katika mpango wao mkubwa zaidi wa msaada wa chakula, karibu asilimia 65 ya fedha zilikwenda kwenye usafiri na uendeshaji. Tangu chakula kiagizwe hadi kifike, miezi minne hadi sita ilipita.

Shuleni kwetu kilichofika kilikuwa bulga, ngano iliyokwisha kuchemshwa, ikakaushwa na kuvunjwavunjwa. Njegere kavu za njano zilizopasuliwa. Na mafuta kwenye madebe ya lita nne. Madebe hayo hayakutupwa hata moja. Nimeona mlango mzima wa choo uliotengenezwa kwa madebe yaliyokunjuliwa, bendera ya Marekani ikijirudia kutoka juu hadi chini. Bulga watoto hawakuipenda. Walisema haina ladha na haishibishi kama githeri, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, na katika la kwanza niliwaunga mkono.

Lakini bulga ilikuwa na jambo moja ambalo sisi maofisa hatukuliona mpaka ilipoondoka: inaiva haraka. Dakika ishirini, sufuria inashuka. Mahindi makavu na maharagwe yanataka saa tatu motoni, na yakiwa ya msimu uliopita, zaidi.

Mwaka 2009 Serikali ilianzisha mpango wake wa kununua chakula cha shule humu humu nchini, na kaunti zikahamishwa kidogo kidogo kutoka mikononi mwa WFP hadi mwaka 2018, shirika hilo lilipokabidhi zilizobaki. Watoto wapatao milioni moja na nusu sasa wakawa wa Serikali. Wazo lilikuwa zuri na bado nalitetea. Fedha, takriban shilingi 10 kwa mtoto kwa siku, zilitumwa kwenye akaunti ya shule. Kamati ya shule ilitangaza zabuni. Mfanyabiashara au kikundi cha wakulima wa karibu alileta mahindi na maharagwe. Mtoto alikula chakula anachokijua, na mkulima alipata soko.

Mimi nilikuwa kwenye mafunzo ya kamati hizo. Tulifundisha zabuni siku mbili nzima. Kuni hatukuzitaja.

Kumbe kuhama kutoka bulga kwenda githeri ni kuhama kutoka dakika ishirini kwenda saa tatu. Mzigo wa kuni uliokuwa ukitosha wiki ukawa wa siku mbili. Na kuni hazikuwamo katika zile shilingi 10. Wala maji hayakuwamo, wala mshahara wa mpishi. Hayo yaliachiwa wazazi, "mchango wa jamii" katika lugha yetu ya ofisini. Ukisimama langoni asubuhi katika shule hizo unamwona mchango huo akitembea: mtoto wa darasa la pili, daftari kwenye mfuko wa plastiki, ukuni kwapani, kijerikeni cha lita tatu mkononi. Asiyekuja na ukuni anarudishwa, au anakaa pembeni wenzake wakila. Nimeyaona yote mawili. Kando ya mto mti wa mathenge umejaa, kwa hiyo afadhali, ingawa miiba yake inatoboa ndara. Ukienda mbali na mto, wasichana ndio wanaotumwa, na wanatumwa saa za masomo.

Bei nayo ilikuwa na kalenda yake. Fedha zilipochelewa kutoka Nairobi, zilifika Mei au Juni, wakati mahindi ya zamani yamekwisha na mapya hayajavunwa. Shilingi zilikuwa zile zile, magunia yamepungua. Na "mkulima wa karibu" katika kaunti ya wafugaji alikuwa nani? Mara nyingi alikuwa mwenye lori aliyenunua mzigo Kitale, huko mbali magharibi kwenye mashamba ya mahindi. Simlaumu, bila yeye pasingekuwa na kitu. Baadaye Serikali ilirudi kwenye kununua kwa pamoja kutoka juu na kusambaza, na tukarudi kungoja lori.

Kuna hatari nyingine ya kununua karibu ambayo watetezi wenzangu huipitia mbio. Mwaka 2004 sumukuvu (aflatoksini, sumu ya ukungu) kwenye mahindi iliua watu 125 huko Makueni, Kitui na jirani zake. Yalikuwa mahindi ya nyumbani, yaliyovunwa na kuhifadhiwa yakiwa na unyevu. Kiwango chetu kinataka unyevu usizidi asilimia 13.5, na kifaa cha kuupima shule nyingi hazina. Mpishi anauma punje. Ikipasuka kwa mlio, anapokea. Ikibonyea, anarudisha gunia. Meno hupima unyevu kwa kadiri fulani. Sumu yenyewe hayaioni.

Je, chakula chenyewe kinasaidia masomo? Hapa Kenya tuna bahati ya kuwa na majibu yetu. Kati ya 1998 na 2000, shule 12 za Embu zilishiriki utafiti ambapo watoto wa darasa la kwanza walipewa githeri yenye nyama, githeri na maziwa, githeri iliyoongezwa mafuta, au hawakupewa kitu. Waliopata nyama ndio walioendelea zaidi kwenye mtihani wa kufikiri kwa michoro. Huko Busia na Teso, watafiti Christel Vermeersch na Michael Kremer waliangalia shule za chekechea zilizotoa uji wa asubuhi: mahudhurio yalikuwa asilimia 36 hivi penye uji, na 27 pasipo uji. Alama za mtihani, hata hivyo, zilipanda tu pale mwalimu alipokuwa mzoefu, na muda wa kufundisha ulipungua kwa sababu ya kupika na kugawa. Kipengele hicho cha mwisho hukisikii kwenye hotuba.

Nairobi wamepata njia yao. Tangu 2023 jikoni kubwa za Dishi na County, mpango wa kaunti hiyo wa chakula cha shule, hupika mahali pamoja na kupeleka shuleni, na mtoto analipa shilingi 5 kwa bangili ya kielektroniki. Natamani kuiona kwetu, ila shule zetu zimeachana kilomita nyingi za mchanga, na chakula kingefika kimechacha.

Mwaka 2025 shirika la misaada la Marekani, USAID, lilifungwa, na simu yangu ikajaa maswali ya waandishi: watoto watakula nini? Madebe ya mafuta nilikuwa sijayaona kwenye shule nizipitiazo kwa muda. Serikali imetangaza lengo la kufikisha chakula kwa watoto milioni 10 ifikapo 2030. Kwa kiwango cha gramu 150 hiyo ni tani 1,500 za nafaka kila siku ya shule, magunia kama 16,700 ya kilo 90. Nimeipiga hesabu hiyo mara nyingi, na nafaka hiyo ikipangwa mapema inapatikana. Kuni za kuipikia saa tatu kila siku bado sijaziona kwenye bajeti yoyote niliyoonyeshwa. Muhula uliopita nilirudi Hola. Jikoni wamepaka chokaa, ukuta mweupe kabisa, na mistari ilikuwa imeanza upya karibu na mlango: kumi na tisa.