Viatu vya Matembezi Mepesi Malindi: Maswali na Majibu

Je, kwa matembezi ya saa moja au mbili ni lazima ninunue buti za kupandia milima?

Si lazima. Vijia vya magofu ya Gede na njia za mchanga katika msitu wa Arabuko-Sokoke havina miinuko mikali, na mtu asiyebeba mzigo hutembea vyema kwa raba zenye soli imara iliyochongwa mifereji. Buti nzito huchosha miguu mapema, na katika joto letu la pwani huifanya itoe jasho jingi, nayo ngozi iliyolowa huchubuka upesi na kutoka malengelenge.

Kwa nini basi nisiende na ndara?

Ufukweni ndara zinatosha. Katika kijia chenye mizizi na mawe ya matumbawe yenye makali, hazifai, kwa sababu kisigino huachwa wazi na vidole hulazimika kujikunja kila hatua ili kuishikilia ndara isivuke, jambo linalochosha misuli na kumfanya mtu ajikwae. Isitoshe, funza huingia katika ngozi ya mguu kutoka kwenye mchanga na vumbi, na viluwiluwi vya minyoo ya safura hupenya nyayo zinazogusa udongo uliochafuliwa na kinyesi. Kwa hiyo kiatu kilichofunika mguu wote ni kinga, na ningependa hasa wazazi wanaowatembeza watoto wasilipuuze jambo hili.

Nitajuaje kuwa kiatu kinanienea?

Nenda dukani jioni, kwa kuwa miguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda, na huvimba zaidi mtu anapotembea juani. Vaa soksi zile zile utakazotembea nazo, jaribu viatu vyote viwili, kisha usimame wima, maana mguu hutanuka unapobeba uzito wa mwili. Watu wengi wana mguu mmoja mkubwa kuliko mwingine. Chagua kwa kipimo cha ule mkubwa. Mbele ya kidole kirefu kuliko vyote, ambacho kwa wengine si kidole gumba, ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono, na kisigino kisipande na kushuka ndani ya kiatu. Nafasi hiyo ya mbele utaithamini ukiteremka korongo la Marafa, ambako kiatu kifupi hugonga vidole kila hatua hadi kucha zikaingia weusi. Muuzaji akikuambia kuwa kiatu kinachobana kitatanuka, usikubali: ngozi yaweza kulegea upande kwa upande, lakini urefu hauongezeki.

Ukinunua mtumba, kigeuze utazame soli. Iliyolika upande mmoja imekwishafuata mwendo wa mwenyewe wa kwanza, na itakuinamisha kifundo cha mguu. Kikunje pia: kiatu kizuri hujikunja penye mashina ya vidole, kinachojikunja katikati hakiushikilii unyayo. Gundi iliyopasuka pembeni ni ishara ya soli itakayobanduka njiani.

Na soksi?

Za pamba tupu hushika jasho. Zilizochanganywa na nailoni au sufu hukauka upesi zaidi. Beba jozi ya pili.

Mama yangu ana kisukari na angependa kutembea nasi. Afanyeje?

Kutembea kwaweza kumfaa sana, ila kwanza amwone mhudumu wa afya amkague miguu. Kisukari cha muda mrefu huweza kuharibu neva za miguu na kuitia ganzi, hata mgonjwa akatembea na kijiwe ndani ya kiatu asijue. Kabla ya kuvaa, aingize mkono ndani ya kiatu apapase. Viatu vipya avizoeze nyumbani kwa muda mfupi mfupi siku kadhaa kabla ya safari, na asitembee pekupeku hata kwenye mchanga, ambao mchana huweza kumuunguza bila yeye kuhisi. Mkirudi, mtazameni nyayo na katikati ya vidole. Mkikuta lengelenge au mchubuko, mpelekeni zahanati siku hiyo hiyo, hata akisema haumwi.