Pumzi ya mtihani wa baleti: maswali kutoka Mbeya na Iringa

Densi ya baleti bado ni ngeni kwa wengi huku Nyanda za Juu Kusini, lakini watoto wanaoicheza wapo, na wachache wamefika ngazi za juu. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia. Kila siku nashika vifundo, magoti na nyonga za watu wa kila aina, wakiwemo watoto hawa. Maswali yao na ya wazazi wao yanafanana, na nyuma ya karibu yote naliona wazo lile lile: kwamba mtoto akicheza zaidi na kula kidogo ndipo atakuwa imara. Wazo hilo linaumiza watoto. Ndiyo maana nimeona niyajibu hapa maswali niliyoulizwa mara nyingi.

Habari za kazi, dokta. Binti yangu ana miaka 16, anajiandaa kwa mtihani wa Advanced 1. Anacheza siku tano kwa wiki, lakini akifika kwenye miruko anahema mpaka anasahau hatua. Mbona mazoezi yote hayo hayampi pumzi?

Salama, mama. Kwa wasioujua, mtihani huu ni wa Royal Academy of Dance, taasisi iliyoanzishwa London mwaka 1920. Ngazi zake za juu ni Advanced Foundation, Advanced 1 na Advanced 2. Kwa takribani saa moja mtahiniwa anaanza akiwa ameshika ufito, halafu anahamia katikati ya ukumbi: adajio ya polepole, mizunguko, kisha alegro, yaani miruko midogo na mikubwa, pamoja na densi za kucheza peke yake. Wasichana wanapanda pia kwenye viatu vya ncha, vile vya kusimamia ncha za vidole. Miruko inakuja wakati miguu imeshachoka, na anayetahini anataka kuona uso uliotulia.

Sasa angalia darasa la kawaida linavyokwenda. Mtoto anacheza dakika moja, mwalimu anasimamisha, anarekebisha mkono, anazungumza, wengine wanasubiri zamu. Moyo unapanda, unashuka, unapanda tena kidogo. Darasa kama hilo linafundisha ufundi, usawa na nguvu ya misuli, na linafanya hivyo vizuri sana. Moyo na mapafu ndiyo hayapati kazi ya kutosha. Hata wachezaji wakubwa wa Ulaya waliopimwa wameonekana kuwa na pumzi ndogo kuliko wanamichezo wengine wanaofanya mazoezi kwa saa nyingi kama wao. Kwa hiyo binti yako si mvivu.

Fikiria moto wa jikoni. Mabua ya mahindi yanawaka kwa kishindo na kwisha upesi. Kuni za mti mgumu zinawaka taratibu na kukaa. Mwili nao una mioto miwili. Mruko mkubwa unatumia moto wa mabua, usiohitaji hewa nyingi papo hapo. Lakini anayekusanya mabua mengine kati ya zoezi moja na jingine ni moto wa kuni, ule unaotegemea hewa na moyo. Mtoto mwenye moto wa kuni mdogo anaanza zoezi la pili kabla deni la zoezi la kwanza halijalipwa. Anapofika la nne, ubongo wenyewe unachoka, na hapo ndipo hatua zinasahaulika.

Dawa yake si darasa la sita kwa wiki. Anahitaji mazoezi ya pumzi yenyewe, nje ya baleti.

Tumebakiza miezi mitatu. Tuanze wapi?

Miezi mitatu inatosha kabisa.

Wiki sita za kwanza mjengeeni moto wa kuni. Mara tatu kwa wiki, dakika 20 hadi 30, atembee kwa kasi au akimbie polepole kupanda mlima, au aendeshe baiskeli. Kipimo ni mdomo wake: aweze kusema sentensi nzima, lakini asiweze kuimba. Sisi tuna bahati ya milima. Anayekaa Iringa anajua mteremko wa Ipogolo kwenda mjini. Ule ni uwanja wa mazoezi usio na kiingilio. Kupanda kunaamsha moyo bila kuupiga mguu chini kwa nguvu. Kushuka ndiko kunakoumiza magoti na mifupa ya ugoko, kwa hiyo ashuke kwa kutembea, tena taratibu, au apande bajaji.

Wengi huniuliza kuhusu kuruka kamba. Ni zoezi zuri, ila linatumia mashavu ya miguu na mifupa ile ile ya alegro. Siku ambayo ameruka sana darasani, kamba ikae ukutani.

Kuanzia wiki ya saba hadi ya kumi, mara mbili kwa wiki abadilishe: dakika moja kwa nguvu kiasi cha kushindwa kuongea, dakika mbili polepole, arudie mara sita. Akizoea, punguza mapumziko yawe dakika moja na nusu, halafu dakika moja. Hapo ndipo anaufundisha mwili kulipa deni haraka.

Wiki ya kumi na moja, mara mbili, acheze mtihani wote kwa mpangilio wake, mwanzo mpaka mwisho, bila kusimamishwa. Mwalimu aandike makosa pembeni, ayaseme baadaye. Watoto wengi wanaingia chumba cha mtihani wakiwa hawajawahi kuucheza wote kwa mkupuo hata mara moja, jambo ambalo kwa kweli linanisikitisha.

Wiki ya mwisho punguzeni muda wa mazoezi karibu nusu, lakini yale machache yabaki na kasi ile ile. Pumzi haiongezeki tena katika siku saba, bali uchovu unaweza kuongezeka.

Mimi nimehamia Mbeya shule ya bweni kutoka Dar. Tangu nifike nahema kwa vitu vidogo. Je, nina tatizo la moyo?

Yaelekea huna, mwanangu. Mji wa Mbeya uko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Iringa haiko chini sana ya hapo. Hewa ya Mbeya ni nyepesi kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na ya pwani, kwa hiyo kila pumzi inaleta oksijeni pungufu. Mwili unazoea ndani ya wiki chache. Wiki mbili za kwanza cheza kwa nusu ya nguvu, kunywa maji, lala.

Lakini ukihema huku kifua kinabana au kinapiga miluzi, hasa asubuhi za baridi ya Juni na Julai, nenda ukapimwe pumu. Ukizimia, ukisikia maumivu ya kifua au moyo kwenda mbio ukiwa umekaa, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na mwenye selimundu asianze mazoezi ya kasi niliyoyaeleza hapo juu bila kuongea na daktari wake: baridi, kiu na kujichosha kupita kiasi vinaweza kuleta maumivu makali.

Mwalimu alimwambia binti yangu apunguze mwili kabla ya mtihani. Sasa anakula mara moja kwa siku, na hedhi yake haijaonekana tangu miezi minne iliyopita. Wenzake wanamwambia ni kawaida kwa wachezaji.

Mama, si kawaida. Nakuomba uichukulie kama ambavyo ungeichukulia homa isiyoshuka.

Mwili usiopata chakula cha kutosha unafunga milango mmoja baada ya mwingine ili kuokoa nguvu. Mlango wa hedhi ni mmoja wa ile ya kwanza. Hedhi ikikatika, homoni ya estrojeni inashuka, na bila hiyo mifupa inakosa mlinzi wake. Umri huu ndio wa kuweka akiba ya mifupa, na akiba isiyowekwa sasa ni vigumu kuilipia baadaye. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliipa hali hii jina rasmi, ikieleza kwamba upungufu wa nishati kwa wanamichezo unagusa mifupa, moyo, kinga ya mwili, ukuaji na hata akili, kwa wasichana na wavulana. Wavulana hawana hedhi ya kuwaonya, kwa hiyo kwao angalieni uzito, hasira zisizo na sababu na majeraha yasiyopona.

Hedhi ikikosekana miezi mitatu, msichana apelekwe kliniki. Watapima ujauzito, na hilo lisiwe ugomvi nyumbani, ni utaratibu. Watapima pia wingi wa damu. Kwa msichana wa umri wake kiwango cha chini ni gramu 12 kwa desilita, na kwa wakazi wa miinuko daktari hukiongeza kidogo. Damu pungufu ni pumzi pungufu, hata angepanda mlima kila siku.

Na mwalimu uongee naye uso kwa uso. Nina hakika anampenda mtoto. Mwambie yaliyotokea.

Basi ale nini? Hatuna vyakula vya wachezaji wa Ulaya.

Havihitajiki. Soko la Mwanjelwa lina kila kitu anachohitaji mchezaji.

Cha kwanza ni wanga, kwa sababu ndiyo mafuta ya alegro: ugali, viazi, wali wa Kyela, ndizi za Tukuyu. Hiki ndicho wasichana wanachokikwepa, na ndicho kinachowaangusha katikati ya mtihani. Kila mlo uwe na kitu cha kujenga mwili: maharage, mayai, samaki, nyama inapopatikana. Dagaa na usipa wa Ziwa Nyasa wanaoliwa na mifupa yao wanaleta protini, madini chuma na kalsiamu kwa pamoja. Maziwa ya Rungwe na Njombe yanywewe kila siku. Parachichi nusu si dhambi. Mafuta yake ni mazuri.

Chai, na nasema haya nikikaa ukanda unaolima chai Mufindi na Rungwe, isinywewe pamoja na chakula. Inazuia mwili kuchukua madini chuma ya maharage na mboga za majani. Isubiri saa moja au zaidi. Mezani wekeni chungwa, pera au kachumbari yenye limau, vinavyosaidia madini hayo kuingia.

Siku ya mtihani ale saa tatu kabla: uji mzito na yai, au wali kidogo. Maharage yasubiri jioni. Saa moja kabla, ndizi mbivu moja. Vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu sivishauri kabisa. Vinakimbiza moyo ambao tayari una hofu.

Tunafanyia mazoezi kwenye ukumbi wa sementi. Ugoko unaniuma. Nikinywa diklofenaki naendelea vizuri. Kuna ubaya?

Upo. Dawa inanyamazisha maumivu, mfupa unaendelea kupigwa. Tena ikitumiwa hovyo inachoma tumbo.

Weka kidole juu ya ugoko. Maumivu yakiwa yameenea kwa urefu na yanapungua ukipata joto, mara nyingi ni misuli na utando wa mfupa. Punguza miruko kwa wiki mbili, panda baiskeli badala yake. Yakiwa mahali pamoja padogo kama ncha ya kidole, yanazidi ukiruka, au yanakuamsha usiku, inawezekana mfupa umeanza kupata ufa. Acha kuruka leo. Jua pia kwamba picha ya X-ray ya wiki za mwanzo inaweza isionyeshe kitu, kwa hiyo ukiambiwa hakuna tatizo na maumivu yapo, rudi tena.

Sakafu nzuri ya baleti ni ya mbao iliyoinuliwa, yenye nafasi chini yake ili ibonyee kidogo. Penye sementi, rukeni kwa nguvu zote siku mbili tu kwa wiki, siku nyingine pitieni hatua bila kuruka. Pasheni mwili moto dakika 15 hadi 20, zaidi kukiwa na baridi, na kujinyoosha kwa muda mrefu kuje baada ya darasa, kwa sababu msuli ulionyooshwa sana kabla unapoteza nguvu ya kuruka. Na kabla ya viatu vya ncha, simama kwa mguu mmoja, nyanyua kisigino mara 20 hadi 25 bila kuyumba. Ukishindwa, hapo ndipo pa kuanzia.

Alale kwa muda gani?

Kwa muda wa saa 8 hadi 10 kila usiku. Misuli na mifupa inajirekebisha usingizini, na hatua alizojifunza zinakaa kichwani.

Mtihani utafanyika Dar. Tufike lini?

Siku tatu au nne kabla, mkiweza. Kutoka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800 za basi, na miguu iliyokunjwa siku nzima huvimba. Kila basi likisimama ashuke atembee, na njiani azungushe vifundo vya miguu.

Hewa ya pwani ni nzito na ataifurahia, ila joto litamshangaza. Mwili huhitaji wiki moja hadi mbili kulizoea vizuri, kwa hiyo siku chache hizo afanye mazoezi mafupi, anywe maji kidogo kidogo, na mkojo wake ubaki wa rangi hafifu. Akitoka jasho sana, chakula chake kisikose chumvi.

Kuna jambo moja wazazi wa huku husahau. Watoto waliokulia kwenye baridi yetu hawajapambana na malaria kama wa pwani, kwa hiyo alale kwenye chandarua kila usiku. Dalili huanza siku saba au zaidi baada ya kuumwa na mbu, maana yake atakuwa ameshacheza mtihani na kurudi nyumbani. Homa ikimpata Mbeya, hata wiki mbili baadaye, msidhani ni mafua ya baridi. Mpelekeni akapimwe, na mwambieni mhudumu kwamba mtoto alikuwa Dar.