Kwa nini mafundi wa kiwanda kimoja walisimamisha treni za Marekani mwaka 1894?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba Mgomo wa Pullman ulikuwa wa madereva wa treni waliotaka nyongeza ya mshahara. Nilikosea, tena mara mbili. Walioanza kugoma, Mei 11, 1894, walikuwa maseremala, wapaka rangi na mafundi chuma wa kiwanda cha mabehewa cha George Pullman huko Chicago, watu ambao kazi yao haikuwa kuendesha treni hata moja. Na watu wa reli walipoingia, dai lao halikuhusu mishahara yao wenyewe. Walichofanya ni kususia mabehewa ya Pullman.

Chanzo ni kifupi: uchumi ulianguka mwaka 1893, Pullman akakata mishahara kwa wastani wa robo hivi, lakini kodi za nyumba katika mji alioujenga mwenyewe kwa ajili ya wafanyakazi hazikushuka.

Sasa, kiwanda kinasimamishaje reli? Pullman alikodisha mabehewa yake ya kulala kwa kampuni za reli, pamoja na wahudumu wake. Fikiria mwenye maturubai anayekodisha kwenye harusi zote za mjini. Vijana wake wanagombana naye. Wapishi, ambao hawamjui hata kwa sura, wanasema: tutapika, ila turubai lake hatuligusi. Wenye harusi wangeweza kula juani. Badala yake wanamfukuza kila mpishi anayekataa, na akifukuzwa mmoja, wenzake wote wanaweka miiko chini.

Ndivyo ilivyokuwa kuanzia Juni 26. Chama cha wafanyakazi wa reli, American Railway Union, kilichoongozwa na Eugene Debs, chenye wanachama 150,000 hivi, kilikataza kugusa behewa la Pullman. Umoja wa kampuni 24 za reli zilizofika Chicago ukakataa kuyaacha mabehewa hayo. Aliyegoma kuyaunganisha alifukuzwa, na wenzake wakaondoka naye. Msukosuko ukafika majimbo 27.

Kilichouvunja ni barua. Treni hizo zilibeba pia mifuko ya posta, na anayezuia posta anagombana na serikali kuu. Debs alisema barua zingepita bila shida mabehewa ya Pullman yakikatwa, haikusaidia. Julai 2 mahakama ilitoa zuio dhidi ya mgomo, kisha Rais Cleveland akatuma askari, ingawa Gavana Altgeld wa Illinois hakuwaomba na alilalamika waziwazi. Idadi ya waliokufa hutofautiana. Hesabu nyingi hukaribia 30.

Jambo la ajabu ni kwamba wahudumu wa mabehewa yale, karibu wote watu weusi, hawakuruhusiwa kujiunga na chama cha Debs. Wajumbe wake walipiga kura ya kuwazuia weusi Juni hiyohiyo: 112 dhidi ya 100.

Pullman alifariki mwaka 1897. Familia yake ilihofia kaburi lingefukuliwa na wafanyakazi wenye hasira, kwa hiyo jeneza lilizikwa ndani ya zege. Na zege peke yake halikutosha: waliongeza vyuma vya reli.